Mtani wa Komredi

Kitambaa cheupe cha merikani kilifunika sakafu yote ya sebule, kutoka mlango wa mbele hadi wa uani, na chumba kiling'aa kana kwamba mwezi umeingia ndani mchana. Bi Mwanahawa alikuwa amepiga magoti katikati yake, akishona kwa mkono. Cherehani ya marehemu mumewe ilikuwa pembeni, nzima kabisa, lakini aliikataa. Mshono wa mkono, alisema, haukunjamani kitambaa kikivutwa.

"Shika upindo huo, mwalimu. Usiukanyage."

Niliushika. Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita, nimetoka chuoni mwaka uliotangulia, na nilipenda kila jambo liwe na mpango wake. Mpango wa wiki ile niliuandika kwa wino mwekundu nikaubandika ofisini: gari la sinema kufika Ijumaa, wanafunzi kuimba, Katibu wa tawi kuhutubia, filamu kuanza baada ya sala ya Isha. Jambo moja tu halikuwamo. Pazia la gari lile lilipasuliwa na upepo njiani, na simu ya maandishi kutoka Dodoma ilituomba tutafute jingine.

Ndivyo ilivyotokea kwamba mama wa mtu aliyetengenezewa filamu akashona kitambaa ambacho mwanawe angeonekana juu yake. Hakuna aliyemwomba. Alimwambia tu Katibu: "Leteni merikani. Mengine niachieni."

Alipofika kwenye pembe ya mwisho alikohoa kwa muda mrefu, akafuta midomo kwa ncha ya kanga, akaendelea.

Ulikuwa mwaka wa 1974. Zamani Mfaume, mwanawe wa pekee, alikuwa fundi katika karakana ya reli pale Tabora. Alijiunga na chama cha wafanyakazi, akahudhuria masomo ya jioni, akamsoma Marx kwa taa ya chemli mpaka kurasa zikanuka mafuta ya taa. Baada ya Uhuru alikwenda Dar es Salaam, na kutoka huko akavuka Ruvuma kupigana na Wareno pamoja na wenzetu wa kusini. Aliongoza kikosi. Mwaka wa 1971 redio ilitangaza kwamba Komredi Mfaume ameanguka. Hapakuwa na mwili, wala kaburi ambalo mtu angeweza kulionyesha kwa kidole. Nchi moja rafiki, huko kwenye theluji, ndiyo iliyoamua kutengeneza filamu ya maisha yake.

Khitma ilisomwa. Mkutano wa heshima ulifanyika, na hotuba zilikuwa nzuri. Lakini watani hawakuingia.

Kwetu Unyamwezi mtu haagwi kwa machozi peke yake. Watani huja, hasa Wazaramo, ambao utani wetu nao ulianza enzi za misafara, babu zetu walipotua pembe za ndovu katika pwani yao. Mmoja wao huvaa nguo ya marehemu. Hutembea kama yeye, huzungumza kama yeye, na hutaja aibu zake mbele ya wafiwa mpaka wafiwa wacheke. Hapo ndipo matanga huanuliwa na wafiwa huinuka mikekani. Mwaka ule, Wazaramo wawili waliokuwa wakifanya kazi stesheni walifika Gongoni, nyumbani kwa Bi Mwanahawa, wakazuiwa mlangoni na Katibu, Ndugu Kasimiri.

"Shujaa wa ukombozi hafanyiwi mzaha," aliwaambia.

Basi Bi Mwanahawa hakuinuka. Wageni walipoondoka yeye alibaki mkekani, na alikuwa bado analala hapo nilipokuja kupanga chumba kwake. Kitanda chake cha kamba kilisimama kimeegemea ukuta, kamba zimelegea zikaning'inia. Koti la Mfaume la karakana lilitundikwa kwenye msumari, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata kulipangusa vumbi. Kila mwaka, baridi ya Julai ilipanda kutoka kwenye saruji ikaingia kifuani mwake. Mganga wa zahanati alimwambia waziwazi kwamba sakafu ile itamuua. Alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, akarudi sakafuni.

Mimi niliamini filamu ingemwinua. Hiyo ndiyo sababu nilijitolea kusimamia shughuli nzima. Nilijiambia kwamba mama akimwona mwanawe akiishi na kufa mbele ya macho yake, moyo utatulia na kitanda kitashushwa. Siku moja nilimweleza, polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi, kwamba atakayeonekana si Mfaume mwenyewe bali mwigizaji, kijana wa Guinea aliyekuwa akisoma katika nchi ile.

Alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, najua si yeye. Mtani naye si marehemu. Swali langu ni moja tu: huyo kijana ataweza?"

Mji mzima ulikuwa na swali lake. Mafundi wa karakana walibishana kama injini yao itaonekana. Mzee Abbasi, aliyefanya kazi benchi moja na Mfaume, aliapa kwamba wazungu wa theluji hawawezi kuijua karakana ya Tabora, kisha akanyoa ndevu ili awe tayari iwapo wanaijua. Wauza asali wa Sikonge walisogeza safari yao ya sokoni hadi Ijumaa, wakaegemeza baiskeli zao kwenye ukuta wa shule tangu asubuhi. Katika darasa langu wavulana walicheza Komredi Mfaume uwanjani, na hakuna aliyekubali kuwa Mreno. Ilibidi niweke zamu.

Gari lilifika Ijumaa alasiri, jekundu kwa vumbi. Dereva wake, ambaye ndiye pia aliyeendesha mashine ya sinema, alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, aitwaye Shomari. Nilimpeleka nyumbani achukue pazia. Bi Mwanahawa alikuwa akifunga uzi wa mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Kisarawe."

Sindano ikasimama. "Mzaramo?"

"Baba na mama."

"Basi umechelewa."

"Barabara, mama. Tangu Itigi ni mashimo matupu."

"Sisemi barabara. Umechelewa miaka mitatu."

Shomari alimtazama. Akalitazama koti msumarini, akautazama mkeka, akakitazama kitanda kilichoegemea ukuta. Akavua viatu. Alipofungua kinywa tena, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Wapagazi nyie! Hata maiti wenu mnangoja tuje tuwabebee?"

Nilishtuka nikataka kumkemea. Bi Mwanahawa aliiweka sindano chini.

"Kaa, mvivu. Mzaramo akipewa jembe huuliza ngoma iko wapi."

"Na Mnyamwezi akipewa ngoma hujitwika kichwani, akidhani ni mzigo."

"Umekula?"

"Nitakula. Kwanza nipe aibu zake."

Niliwaacha. Nilikuwa na kwaya ya kuipanga na viti vya wageni vya kuhesabu. Nilipopita tena dirishani kuchukua kitambulisho changu niliwasikia bado wanazungumza, yeye akisimulia kwa sauti ya chini, Shomari akiuliza: "Na akikasirika? Na akila? Mguu gani unatangulia?" Jua lilipokaribia kuzama nilirudi kuvaa viatu vyangu vizuri. Msumari ukutani ulikuwa mtupu.

Kiwanja cha shule kilijaa mpaka barabarani. Tulikuwa tumelifunga pazia kati ya nguzo mbili za goli, na mshono wa mkono haukukunjamana. Bi Mwanahawa aliketi mbele, juu ya ule ule mkeka wake. Alikataa kiti. Kwaya iliimba vizuri. Ndugu Kasimiri alihutubia kwa muda aliopangiwa na kisha kwa muda ambao hakupangiwa. Jenereta likanguruma, mwanga ukalipiga merikani, na watu wote wakavuta pumzi pamoja.

Filamu ilizungumza lugha ya huko ilikotoka. Kwa hiyo Shomari alipewa kipaza sauti na karatasi ya maelezo ya Kiswahili, asome huku picha zikienda. Alianza kama alivyoagizwa. Komredi alizaliwa katika familia ya wavuja jasho. Komredi aliona dhuluma akiwa bado mtoto. Kwenye pazia, kijana wa Guinea alitembea kati ya mitambo, kifua mbele, macho juu, akiwa kama mtu anayejua kwamba anapigwa picha. Alikuwa mzuri kumtazama. Nilimgeukia Bi Mwanahawa. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Idi.

Kisha mwigizaji akapanda juu ya pipa akawahutubia wafanyakazi. Shomari akasoma: "Ndugu zangu, mali yote iwe ya wote!" Nikamwona anaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Hapo ndipo nilipolitambua koti alilovaa.

"Isipokuwa karanga," alisema kwenye kipaza sauti. "Karanga si mali ya wote. Karanga ziko mfukoni mwa koti hili, na mfuko umefungwa kwa pini. Mama yake mwenyewe akiomba, huambiwa asubiri mapinduzi."

Jenereta peke yake ndilo lililosikika.

Kisha Mzee Abbasi akapasuka. Alicheka kwa sauti ya mtu aliyenyimwa karanga zile miaka mingi. "Ni kweli!" alipiga kelele. "Wallahi ni kweli! Kwa pini!"

Kicheko kikaenea nyuma mpaka kwenye baiskeli. Shomari hakungoja kiishe. Alisema Komredi aliwahutubia mbuzi wa jirani kwa kuwa ndio pekee waliosikiliza hadi mwisho. Alisema Komredi hakuogopa Wareno lakini chura akiingia bafuni alimwita mama yake. Ndugu Kasimiri alikuwa ameshasimama. Alinijia kwa haraka, tai yake imepinda.

"Mwalimu, chomoa waya. Mtu huyu anamtukana shujaa mbele ya umma."

Waya wa kipaza sauti ulipita kando ya mguu wangu. Ningeweza kuuchomoa bila kuinama.

"Ni mtani, Ndugu Katibu."

"Naona ni mtani! Haya si matanga. Hili ni jambo la serikali, na wewe ndiye mwenye utaratibu. Jumatatu nitakwenda kwa Afisa Elimu."

Nilimtazama Bi Mwanahawa. Alikuwa ameinama mbele, mikono miwili juu ya mkeka, kama mtu anayesubiri kusikia jina lake likiitwa.

"Nenda," nilimwambia. "Utaratibu huu una umri mkubwa kuliko wangu na wako."

Nilisimama juu ya waya, miguu yote miwili, na hapo nilibaki.

Kwenye pazia mwigizaji alikuwa sasa anatembea kandokando ya reli, peke yake, akiuaga mji. Alitembea kama askari wa gwaride. Shomari aliacha kipaza sauti juu ya boneti akaingia mbele ya mwanga. Kivuli chake kikaangukia merikani, kikubwa, kando ya kijana wa Guinea, na kikaanza kutembea naye. Hatua moja fupi, moja ndefu. Bega la kushoto chini kidogo. Ni mwendo wa mtu ambaye miaka yake yote imepita juu ya mataruma ya reli, yale yanayolazwa chini ya vyuma, na mataruma hayamngoji mwenye miguu mifupi. Mimi sikuwahi kumwona Mfaume. Lakini nilisikia mafundi wa karakana wakinyamaza, mmoja baada ya mwingine, nikajua wanamwona.

Kutoka mkekani ikatoka sauti, kali na ya wazi, ya mama anayemsahihisha mtoto:

"Kunja goti, mjinga wewe! Zaidi!"

Kivuli kikakunja goti.

"Ehe," alisema Bi Mwanahawa. "Hivyo."

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akalia, na wanawake waliomzunguka wakamshika mabega wakicheka na kulia pamoja naye. Ndugu Kasimiri alisimama kando yangu. Nilipomwangalia alikuwa ameivua tai na kuishika mkononi.

Mwigizaji alipofika ng'ambo ya mto na kuanza kufa, Shomari alikuwa amesharudi kwenye mashine yake. Hakugusa kipaza sauti. Sehemu ile tuliitazama kimya, katika lugha tusiyoijua, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Ndugu Kasimiri hakwenda kwa Afisa Elimu. Nimefundisha kwa miaka mingi tangu wakati ule, katika shule za Usoke na Igalula na hatimaye tena Tabora, na nimeandaa shughuli nyingi zilizokwenda kama nilivyoziandika. Nyingi kati ya hizo nimezisahau.

Jumamosi asubuhi Shomari aliwasha gari akiwa amevaa koti lile katika jua. Lilikuwa haki yake. Mtani hupewa nguo ya marehemu. Bi Mwanahawa alimsindikiza mpaka barabarani.

"Ukifika kwenu uwaambie Wazaramo wenzako wafue nguo."

"Nitawaambia wapagazi wanatoa nguo chafu."

Gari likaondoka kufuata njia ya zamani ya misafara, kuelekea mashariki. Niliporudi ndani kutoka bombani, mkeka ulikuwa umeanikwa uani, na kitanda kilikuwa kimelazwa katikati ya chumba. Bi Mwanahawa alikuwa ameketi juu ya ubao wake wa pembeni, mguu mmoja umesukuma upande wa pili, akizikaza kamba moja moja kuanzia kichwani.

"Umesimama tu, mwalimu?" alisema bila kuinua macho. "Shika hapa uvute."

Nikashika, nikavuta.