Mafuta ya Machicha

Kazi yangu ni kuangalia kioo. Kiwandani kwetu, nje kidogo ya Nkwenda, mahindi yanasagwa, yanapikwa, yanatiwa hamira, na spiriti ikishachemshwa ikatoka, yanabaki machicha. Wengi wanadhani hapo mambo yamekwisha, wanangoja machicha ya nguruwe wao tu. Lakini ndani yake mna mafuta. Machicha yanapashwa moto, yanaingizwa kwenye pipa linalozunguka kwa kasi, na mafuta yanapanda kwenye bomba lenye kioo, mekundu kama asali. Mimi nakaa kwenye kigoda natazama. Rangi ikianza kuwa na ukungu, ujue uji wa machicha umeingia, nafunga koki. Ikitakata, nafungua. Mafuta hayo hayaliwi. Fundi Theoneste anayachanganya na spiriti na kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, anayaacha yatulie, na yale ya juu ndiyo dizeli ya jenereta na ya malori ya kiwanda.

Niliipenda kazi hiyo mapema. Tangu mume wangu Rwegoshora afariki, na binti yetu Kemigisha aolewe Mwanza, nyumbani kwangu hakukuwa na kitu cha kuangalia ambacho kingeharibika nikigeuza macho.

Shida ni harufu. Machicha yananuka pombe iliyochacha, na harufu hiyo inaingia kwenye kitenge na kwenye nywele. Mimi nimeokoka tangu usichana wangu kule Kanoni. Pombe sijaionja, hata rubisi ya harusi yangu mwenyewe niliipokea kwa mikono miwili nikampa aliyekaa karibu. Basi nafua, naloweka nguo kwenye maji ya mchaichai, wapi. Theoneste, ambaye ni Mkatoliki na hana wasiwasi na lolote, alinitania kwamba walokole wenzangu wakiniuliza niwaambie nakamua mahindi kama wengine wanavyokamua ng'ombe.

Hawakuniuliza. Jumapili moja Kantengwa, jirani yangu ambaye miaka yote tumetumia kitabu kimoja cha nyimbo, alikaa benchi la mbele yangu. Alisema macho yanamsumbua, anataka kuiona madhabahu vizuri. Jumapili iliyofuata alikuja na miwani, akakaa palepale mbele.

Baada ya hapo wengine nao wakaanza kuwa na sababu. Aliyekuwa akipita kwangu kuomba moto akanunua kiberiti.

Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba kila Jumatano alasiri, kwa zamu. Kwa mtu anayekaa peke yake, zamu ni jambo kubwa. Nyumba inajaa, mtoto analia, mtu anapaza sauti kutoka jikoni kuuliza chumvi iko wapi. Zamu yangu ilipokaribia, mwinjilisti Ndyamukama alinitembelea. Hakuwa mkali. Alikaa, akatafuna punje za kahawa nilizompa, akaniambia jumuiya inaumia kwa ajili yangu kwa sababu ninafanya kazi ya pombe. Nikamweleza kwamba hamira inakula wanga wa mahindi, mafuta haiyagusi, yalikuwa kwenye kiini tangu mahindi yako shambani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kitokacho kwenye pombe ni cha pombe. Kwetu sisi tuliookoka, aliye na dhambi husimama akaiweka nuruni mbele ya wenzake, nao humpokea kwa wimbo. Kwa hiyo watakuja, ila nianze mimi.

"Mama Kemigisha, sema tu," aliniambia akiinuka. "Wimbo tumeshauchagua."

Jumatano niliomba ruhusa kazini. Nilitandaza nyasi mpya sebuleni, kama tunavyompokea mgeni wa heshima, nikapika ndizi na maharage. Nilioga mara mbili. Walikuja wote, hata wazee ambao huwa hawatoki. Waliketi, wakanitazama.

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga kuwaeleza habari ya kiini cha mahindi, taratibu, na kwamba kwa miezi hii nimekosa watu wa kuongea nao. Lakini yote yakanitoka kichwani, likabaki lile la mwisho.

"Ndugu zangu," nikasema, "nimekosa..."

Sikufika mbali. Mwinjilisti aliinua mkono na wimbo ukapasuka nyumba nzima. Makofi yakaanza. Kantengwa alikuwa wa kwanza kunifikia, akanikumbatia, shavu lake likiwa limelowa, akaniambia sikioni pole dada, pole, yamekwisha. Sikumbuki ni lini mtu alikuwa amenigusa kabla ya hapo. Wakaja wengine. Mama mmoja alikwishaingia jikoni, nikamsikia akifunua sufuria.

Ningenyamaza, yangekwisha kweli. Mungu anajua Kiswahili, angejua nimekosa ipi niliyoisema. Nikauacha ubeti wa kwanza upite. Nikauacha wa pili uanze. Kisha nikaona ninaruhusu kitu chenye ukungu kipite, na mkono wangu uko kwenye koki.

Nikawaomba wangoje. Iliwachukua muda kunisikia, wimbo ukafa sauti moja baada ya nyingine, aliyekuwa nyuma kabisa akabaki akipiga makofi peke yake mpaka akaguswa bega.

"Sikumaliza," nikasema. "Nimekosa watu. Watu wa kukaa nao. Dhambi ya pombe sikuitenda, na siwezi kuiungama mbele za Mungu kana kwamba niliitenda."

Kifuniko cha sufuria kilirudishwa mahali pake. Mwinjilisti alifunga kitabu, akasema kwa upole kwamba ibada itaendelea nyumbani kwa Kantengwa, na kwamba siku nikiwa tayari mlango uko wazi. Wakatoka kwa adabu, kila mmoja akiinama mlangoni. Kantengwa alibaki nyuma akifuta miwani kwa ncha ya kitenge.

"Dada," akasema, "ungetuacha tu tuimbe."

Kutoka kwangu hadi kwake ni migomba tu. Nilikaa kwenye nyasi nikiwasikia wanaanza upya. Somo sikulisikia vizuri, nikafungua Zaburi nikasoma yangu. Walipofika kwenye maombi niliwaombea kwa majina, nikianza na mwinjilisti, hata yule mama aliyeingia jikoni. Kisha wakaimba, na wimbo ule niliujua, nikauimba nao. Mimi huimba sauti ya pili. Sauti ya pili ikiwa peke yake chumbani haifanani na wimbo wowote. Mpita njia angedhani ninaimba kitu kingine kabisa.