Gololi Tano za Ainembabazi

Siku ya wazazi nilikwenda shuleni hasira zimeshanifika hapa, kooni. Mwalimu Gosbert aliniita nisaini fomu ya binti yangu Ainembabazi ya kuingia kidato cha tatu, na nilishasikia kwamba amemwondoa kwenye fizikia. Eti masomo ya sanaa ndiyo yanamfaa. Mtoto tangu darasa la tano anafungua redio yangu na kuirudishia, halafu mtu aniambie kinachomfaa!

"Mwacheni aonyeshe alichotengeneza," nikasema mbele ya wazazi wote. "Akishindwa, nasaini."

Haya, Aine akaweka mezani fremu yake ya mbao. Gololi tano za beringi, alizopewa na fundi wa magari pale Nkwenda, zilining'inia kwa safu, kila moja kwa kamba mbili. Akavuta ya kwanza, akaiachia. Ilipaswa igonge, za katikati zitulie, ya mwisho iruke. Wapi! Zote zikayumba ovyo kama kuku waliotishwa. Mzee Gaspari wa bodi ya shule akaangua kicheko.

"Mama Aine, saini tu, turudi tukavune kahawa."

Moyo ulinichoma, maana kosa lilikuwa langu. Kamba nilizifunga mimi jana yake, kamba za mgomba. Na kama tunavyofunga kila kitu kwetu Kamuli, nilizilowesha kwanza ili zikikauka zikaze. Zikakaza kweli! Kila moja kwa kiasi chake, gololi moja juu, nyingine chini.

"Hazikugongana sawasawa, zimepishana," Aine akasema. "Fizikia haina kosa. Kamba ndiyo yenye kosa."

"Na kamba ni yangu!" nikadakia. "Hasaini mtu hapa mpaka Aine azifunge upya."

Nikachomoa uzi wa nailoni kwenye mshono wa kiroba nilichobebea ndizi, nikampa. Akapima kila kipande kwa rula, akafunga polepole. Watu wakanong'ona, wengine wakatazama saa. Watazame tu.

Akaachia gololi moja. Ta! Moja ikaruka upande wa pili, za katikati zikatulia. Akaachia mbili, zikaruka mbili.

Mwalimu Gosbert akasogea karibu. "Umeachia mbili. Kwa nini isiruke moja kwa kasi mara mbili? Msukumo si ungekuwa uleule?"

"Msukumo ndiyo, mwalimu. Lakini nishati ingekuwa mara mbili. Hiyo ya ziada itoke wapi?"

Mwalimu akatoa fomu. Kumbe alishaweka alama ya vema kwenye sanaa, hata kabla hatujafika! Nilitaka kuichana. Aine akanishika mkono, akachukua peni, akaikata ile alama, akaandika FIZIKIA kwa herufi kubwa.

"Saini hapa, mama."

Mimi niliishia darasa la saba. Baba yangu alisema hesabu za nini kwa mtu wa kufunga kuni, na siku ile sikumjibu. Nikaandika majina yangu yote matatu, nikakandamiza peni mpaka karatasi ikatoboka.

Kisha nikamgeukia Mzee Gaspari.

"Haya, mzee. Sasa twende tukavune kahawa."