Kidole cha Yosefu

"Mama, hebu mhesabu vidole."

Bibi harusi alikuwa ameiweka picha juu ya meza, katikati ya makopo ya rangi, na bado alikuwa anahema. Mama Rangi akafuta mikono, akainama. Ilikuwa Familia Takatifu, ile aliyomchorea wiki iliyopita kwa ajili ya nyumba yake mpya: Maria na vazi la buluu, Mtoto katikati, na Yosefu nyuma yao amemwekea Mtoto mkono begani. Akahesabu. Akarudia, safari hii akigusa kila kidole kwa mpini wa brashi.

"Sita," akasema.

"Mama mkwe ndiye aliyeona. Eti nimeleta mzaha ndani ya nyumba ya mwanawe! Na padre anakuja kuibariki nyumba Jumapili. Uso wangu nitauweka wapi, mama?"

"Iache hapa, mwanangu. Njoo uichukue Jumamosi."

Shemeji wa Mama Rangi, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa upande wa pili wa chumba akipigilia fremu. Msichana alipotoka tu, akaja kuchungulia. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye maranda.

"Jamani! Huyu Yosefu yuko karibu kila sebule ya mtaa huu! Nimempigia fremu kwa mikono yangu na sijamhesabu. Kumbe seremala mwenzangu ana kidole cha akiba, akijigonga nyundo asikose kazi!"

"Cheka, cheka. Unayemcheka ni kaka yako."

Hapo akainuka, akajikung'uta maranda. Maana kosa halikuwa la brashi. Kwa rangi, Mama Rangi hakuwa na mpinzani, lakini kuchora hakujui, wala hajawahi kujifanya anajua. Mchoraji alikuwa mumewe, tena alichora kwa kichwa, bila kufuta. Kabla hajalazwa hospitali alimtengenezea mkewe karatasi moja kubwa. Aliichora Familia nzima, kisha akaitoboa mistari yote kwa sindano, tundu baada ya tundu. Ukiilaza juu ya ubao na kuipigapiga kwa kifuko cha vumbi la mkaa, chini yake hubaki vidoti, na mtu hana kazi ila kuvifuata. "Hii itakulisha," alimwambia. Kweli ilimlisha, ikasomesha na watoto. Na miaka yote hiyo alivifuata vile vidoti kama mtu anavyorudi kwake kwa njia aliyoizoea, haangalii chini.

Shemeji alipokwenda kununua misumari, Mama Rangi aliitoa karatasi ukutani, akaiinua mbele ya dirisha. Mwanga ukapenya kwenye matundu. Akautafuta mkono wa Yosefu. Dole gumba na vidole vitatu vilivyofuata vilikuwa safi, matundu yamekaribiana, yamenyooka. Kilichofuata kilianza vizuri, kisha kikayumba. Matundu yake yalikuwa makubwa, moja limechanika, na kidole chenyewe kimepinda kuelekea shingoni mwa Mtoto. Ubavuni mwake kulikuwa na kidole kilekile, kimeanzwa upya, taratibu mno, mpaka kikafika.

Akakumbuka kikombe. Siku zile mumewe alikuwa akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na alipomuuliza akajibu, "Baridi tu, mke wangu." Baridi gani, na watu walikuwa wanalala milango wazi kwa joto! Alijua, yule. Alijua mkono unamwacha, akakaa kimya akaendelea kutoboa.

"Mwongo mkubwa wewe," Mama Rangi akaiambia karatasi, kisha akalia kwa sauti, kama aliyefiwa asubuhi ile.

Picha ya bibi harusi haikumchukua muda kuirekebisha. Alikifunika kidole kilichopinda kwa weupe wa kanzu ya Mtoto, mpako mmoja, ukakauka, na wa pili. Lakini ilimuuma. Jumamosi msichana alikuja, akahesabu, akacheka, akamkumbatia.

"Umeniokoa, mama!"

Alipoondoka, shemeji akasogea na chupa ya gundi na kipande cha karatasi. "Haya, shemeji, tuyazibe hayo matundu tusije tukachekwa tena."

"Usiiguse."

"Utakosea tena."

"Sikosei. Sasa najua kipo."

Shemeji akamwangalia, asielewe. Mama Rangi akampa karatasi. "Shika. Itazame dirishani."

Akaitazama. Aliujua mkono wa kaka yake tangu utoto, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa. Alikaa nayo muda mrefu pale dirishani, kisha akaifunga chupa ya gundi.

"Kumbe alishaanza kuumwa," akasema kwa sauti ndogo.

"Alishaanza."

Jumatatu kulikuwa na picha nyingine ya kuchora. Mama Rangi akalaza ubao mezani, akatandika karatasi juu yake, akapigapiga kifuko, akaiinua polepole. Familia ikabaki pale kwa vidoti vyeusi, wote watatu, na mkono wa Yosefu na vidole vyake sita. Akachukua kitambaa kibichi ili akifute kile kilichopinda, kama ambavyo angelazimika kufanya kila mara kuanzia siku hiyo.

Hakukifuta kwanza. Alikiwekea kidole chake mwenyewe juu, akakifuata kilivyonyooka na kilivyoyumba, kidoti kwa kidoti, mpaka ncha ya kidole chake ikawa nyeusi. Nyuma yake, shemeji akauweka msumeno chini.