Siri ya Priamo

Mkojo wa mpwa wangu Priamo ulitoka mweusi kama kahawa, macho yakawa ya njano, na kwetu Sardinia, majira ya kuchipua, watu wote hufikiria kitu kimoja: fava, yale maharagwe mapana. Mimi mwenyewe nikiyala, chembe za damu yangu zinapasuka. Dada yangu Grazietta anabeba kasoro hiyo, akamrithisha mwanawe. Ndiyo maana kwao hata ganda haliingii.

"Amekula fava?" aliuliza Dokta Murru hospitalini, huku akirekebisha mpira wa damu mkononi mwa mtoto.

"Hajala!" Grazietta akaapa.

Priamo, mtoto wa miaka sita, akatikisa kichwa kukataa. Shemeji yangu Bachisio, baba yake, akatazama dirishani.

"Basi kuna kitu kingine kinachovunja chembe zake. Sitasubiri. Ninampa dawa kali, na ina madhara yake."

Daktari akatoka. Mimi nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Bachisio naye anazunguka chumba kizima, mikono mfukoni.

"Wee, tulia basi, unanitia kizunguzungu!" nikamfokea.

"Tulia wewe! Ukoo wenu dhaifu ndio uliotufikisha hapa."

Looo! Tangu arusi ananicheka: mwanamume gani anashindwa na maharagwe? Fava zikiiva, yeye na wenzake hukaa shambani wakizitafuna mbichi kwa jibini na divai. Na Priamo, husema kila siku, ni damu yake yeye, si yetu. Hasira zikanipanda, nikamshika kola.

"Jumapili ulimpeleka wapi mtoto?"

"Kutembea tu."

"Bachisio!"

Muuguzi akaingia na sindano ya ile dawa. Bachisio akaitazama, akamtazama mwanawe alivyopauka hadi midomo, akaushika mkono wa muuguzi.

"Usimchome! Nimemlisha mimi. Fava, viganja viwili, mbele ya wenzangu. Nilitaka waone kwamba ni mwanangu."

Muuguzi akakimbia kumwita daktari. Grazietta akamrukia mumewe kwa makofi, nami sikumzuia, kwa nini nimzuie?

Lakini aliyelia kwa sauti alikuwa Priamo, akijaribu kuketi kitandani kwa nguvu ambazo hakuwa nazo.

"Baba, umesema! Si uliniambia wanaume hawasemi? Mimi sikusema, hata kwa mama sikusema!"