Ukoko wa Meneja Sadru

Katika timu yetu ya besiboli, Nyuki wa Scarborough, sheria hii huijua hata mtoto wa mgongoni: meneja asajiliye wachezaji wakati wa theluji huwajibika kwa ajili yao msimu unapokwisha. Wakifaa, meneja hupikiwa. Wasipofaa, huwapikia watu wote kwa mikono yake mwenyewe, na mchezaji aliyemwacha aondoke ndiye huonja wa kwanza. Huyo asiporidhika, umeneja umekwisha.

Meneja wetu alikuwa Sadru, mfanyabiashara wa vipuri vya magari, ambaye jikoni kwake aliingia kutafuta maji tu. Umeneja aliupenda kuliko duka. Tulimsihi asimguse Josephine, binti ambaye mbio zake ziliwachosha hata waliomtazama. Hakusikia; alisema mbio si kitu. Alimpeleka timu ya Don Mills, akapokea badala yake mrushaji ambaye bega lake bovu hakuna aliyeliulizia. Kisha akaenda Pickering kumsajili Alnasir, bingwa wa kriketi.

"Mwalimu," aliniambia kwa furaha, "andaeni kabati la kombe."

"Kijana huyo amewahi kucheza besiboli?"

"Rungu ni rungu, Mwalimu!"

Siku ya ufunguzi Alnasir aliupiga mpira kwa madaha hata watu wakasimama. Naye akasimama. Katika kriketi, mpigaji akiona hatari huruhusiwa kubaki mahali pake. Katika besiboli, akiupiga mpira ukaingia uwanjani, sharti akimbie.

"Kimbia!" Sadru alipaza sauti.

"Naona si salama, Anko," Alnasir alijibu kwa adabu kubwa, ameegemea rungu lake.

Akatolewa. Mazoea ya utotoni hayakumtoka msimu mzima. Tulishika mkia, na katika mchezo wa mwisho Josephine ndiye aliyezunguka vituo vyote na kutuzika, akitupungia mkono.

Basi, Jumamosi moja ya Oktoba, katika ukumbi wa jengo letu, Sadru alisimama mbele ya sufuria ya pilau huku jasho likimtiririka. Mkewe, Zebunissa, alikaa mbali, mikono amefumbata.

"Zebu, hata iliki hutaniambia ni kiasi gani?"

"Ulipomtoa Josephine, uliniuliza?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi, niliyekabidhiwa kuitunza sheria, nilijikohoza.

Josephine aliingia amevaa jezi ya Don Mills. Akatia kijiko hadi chini kabisa, akatafuna polepole. Sadru alivua kofia.

"Anko Sadru, pilau yako imeungua."

"Najua, mwanangu."

"Na ulisema mbio si kitu."

"Nilisema. Nimeadhibiwa tangu Mei."

Josephine akakwangua tena, akajaza sahani. "Bahati yako napenda ukoko. Msimu wangu kule umekwisha. Nirudishe Nyuki, nami nitamfundisha Alnasir kukimbia."

"Hata kama si salama?" Alnasir aliuliza, na Sadru mwenyewe akacheka hata akashika meza.

Nilitamka kwamba umeneja umebaki. Lakini mpishi huosha chombo alichokiunguza, kwa hiyo Sadru alikunja mikono ya shati lake la hariri, akasugua. Nilivaa miwani, nikaikagua sufuria, nikairudisha. Akasugua tena. Ilipong'aa nikauona uso wangu ndani yake, nilimpa mkono: adhabu ilikuwa imetimizwa.