Mkojo Mwekundu wa Mzee Sugow

Alhamisi moja ya Machi 1967, saa mbili na robo asubuhi, mkojo katika chupa ya Mzee Sugow ulikuwa mwekundu.

Nuh, mhudumu wa zahanati mjini Garissa, aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Daktari alikuwa ameshaandika: kichocho, sindano ya antimoni. Dawa hiyo iliua minyoo, lakini iliweza pia kusimamisha moyo dhaifu, na moyo wa Sugow uliruka pigo kila baada ya mapigo manne. Darubini ingeonyesha kama mna mayai ya minyoo na kukata shauri, ila ilikuwa Nairobi ikitengenezwa.

"Adeer, huwa unaoga mtoni?" Nuh alimuuliza, akimwita ami kwa Kisomali.

"Mimi mtu wa ngamia, mto nautazama tu. Tangu serikali ituweke kambini ndani ya seng'enge, askari wanatuhesabu asubuhi na jioni. Leo wewe umekuja kuhesabu mkojo."

"Kuna dawa yoyote uliyokunywa?"

"Hakuna."

Mkewe, Faduma, aliinamisha macho. Nuh aliona. Alijua mama huyo hangetaja mambo ya mwili wa mumewe mbele yake, tena mbele ya kijana wa rika la mwanawe. Alimwita barazani, akamuuliza habari za jikoni.

"Eddo, shangazi yangu, mnapika nini huko kambini?"

"Maharage ya serikali, magumu kama kokoto. Bila magadi hayaivi."

"Na mzee anayaweza?"

Faduma alikaza shungi lake. "Amelelewa kwa maziwa, huyo. Tumbo lilifunga siku sita. Nikamchemshia sanamaki, leo siku ya tatu. Usimwambie nimesema."

"Ndiyo dawa niliyoiuliza, eddo."

"Sanamaki dawa? Majani yale."

Nuh alikumbuka somo la chuoni. Majani ya sanamaki yana kemikali za jamii ya anthrasini, zenye vikundi vya haidroksili. Sehemu yake hutoka kwa mkojo: penye magadi, hata yaliyoliwa na chakula, huwa nyekundu, penye asidi hurudi manjano. Damu haifanyi hivyo.

Aligawa mkojo katika vikombe viwili vya kioo, akakamulia kimoja ndimu. Wekundu ulififia, ukawa manjano. Akatia magadi humo humo, povu likapanda. Liliposhuka, wekundu ulikuwa umerudi. Kikombe cha pili hakikuguswa wala hakikubadilika.

Daktari alitazama jaribio likirudiwa, akaikata sindano kwa mstari mmoja wa wino. "Sanamaki na magadi viachwe siku mbili," alisema. "Kisha tupime."

Nuh alimfuata Faduma getini. "Ahsante, eddo. Mimi nilikuwa na chupa tu. Jibu ulikuwa nalo wewe."

"Mungu akulipe kwa kuniuliza mbali naye," alisema Faduma.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Sugow alileta chupa nyingine. Mkojo ulikuwa wa manjano. Nuh alitia magadi, rangi haikubadilika: sanamaki ilikuwa imekwisha mwilini, na damu haikuwamo. Mzee aliitazama chupa, kisha akamshika Nuh mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwombea dua mpaka mwisho, na Nuh akaitikia amin.