Gari la Mahari ya Kabula

"Mayu Lukresia, hivi hilo gari mnalikamua asubuhi tu, au na jioni?"

Esteria aliuliza hivyo akiwa upande wake wa ua wa minyaa, kidumu kitupu mkononi. Lukresia alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, paji la uso ameliegemeza kwenye bampa, na maziwa yalikuwa yakilia ndani ya ndoo. Alimaliza chuchu aliyokuwa ameishika, ndipo akajibu.

"Mara mbili. Ila likishinda juani, jioni halitoi kitu cha maana."

"Basi niwekee ya asubuhi. Nina wageni, na hao si watu wa chai ya rangi."

Lilikuwa gari la spoti, jekundu, milango miwili, viti viwili, namba E za magari mapya, na nailoni ya kiwandani ilikuwa bado haijabanduliwa kwenye viti. Tumbo lake lilikuwa chini mno, hata Lukresia alilazimika kuliweka juu ya matofali ili ndoo ipite. Lilikaa ndani ya zizi la ng'ombe, kwa sababu pale nyumbani hapakuwa na sehemu nyingine yenye boma la kuaminika.

Mwandu, mume wa Lukresia, alipofariki, mji wake ulibaki mikononi mwa Machibya, mdogo wake. Machibya hakuwa mtu wa kunyooshewa kidole. Alinunua jeneza, alisimamia matanga mpaka mwisho, na mwaka wa njaa alileta mahindi. Kabula, binti pekee wa Lukresia, alipoolewa Kiloleli, Machibya ndiye aliyekaa na wazee kupanga mahari, na ng'ombe walipofika wakiswagwa kutoka huko, ndiye aliyewafungulia zizi.

Wazee wa ukoo ule walikuwa na neno lao: ng'ombe wa mahari hawauzwi mpaka binti apate mtoto wa kwanza. Kabla ya hapo, walisema, kila ng'ombe ana miguu miwili hapa na miwili kule alikotoka. Machibya alilijua neno hilo tangu utotoni. Lakini mwaka ule majani yalikauka, na yeye alikuwa ameona gari moja kwenye simu. Aliwapeleka ng'ombe mnadani wote, akasafiri Dar es Salaam, akarudi amekaa chini kabisa nyuma ya usukani, miwani usoni.

"Shemeji," alimwambia Lukresia, "ng'ombe anakufa na ukame. Gari halifi."

Alikwenda nalo Bariadi mjini, watu wakalipiga picha. Alikwenda tena. Kisha mvua ikanyesha kwao Kasoli, udongo mweusi wa mbuga ukafanya kazi yake, na gari likalala kwa tumbo katikati ya njia. Maksai wa mume wa Esteria ndio waliolivuta mpaka nyumbani.

Zizini alikuwa amebaki ndama mmoja tu, dhaifu, ambaye mnadani hakupata wa kumtaka. Alizoea kulala ameegemea tairi la nyuma. Asubuhi moja Lukresia alimkuta ameingiza kichwa chini ya gari, mkia unacheza, povu jeupe mdomoni. Aliinama akaangalia. Kando ya bomba la moshi palikuwa na chuchu nne, safi, zimejaa. Alikwenda kunawa mikono, akachukua ndoo.

Bwana mifugo alipopita alilipima joto, akasema ni zima ila lijengewe kivuli. Padri, alipoulizwa kama maziwa yale yananyweka na Mkristo, alitaka kujua kama yanachemshwa. Lukresia akasema yanachemshwa. Basi, akasema padri.

Jambo lililomsumbua Machibya lilikuwa chapa. Ilitokea kwenye mlango wa dereva: mistari miwili na kitu kama mundu juu yake, kovu la chuma cha moto. Ilikuwa chapa ya zizi la Mahona wa Kiloleli, baba mkwe wa Kabula. Machibya alileta fundi rangi kutoka mjini, akaupiga ule mlango mpaka ukang'aa kama kioo. Kesho yake chapa ilikuwa imerudi, na ilipopita rangi haikushika vizuri, kama vile manyoya yasivyoota juu ya kovu.

Wakati huo Kabula alikuwa tayari amerudi nyumbani.

Alifika saa za mchana, kwa miguu kutoka barabara ya lami, mkono wa kushoto ameufunga kwa kanga. Zahanati wakamwekea plasta. Kuhusu kilichompata alisema maneno machache: mpini wa jembe mkononi mwa mumewe, na kwamba haikuwa mara ya kwanza. Kisha akauliza kama ndama amepata maji. Tangu siku hiyo alikuwa akikaa zizini, akilikamua gari kwa mkono mmoja, nalo lilimvumilia kuliko lilivyomvumilia mtu mwingine yeyote.

Ujumbe wa Mahona ulikuja kwa simu ya Machibya, na Machibya aliweka sauti ya nje ili wote wasikie. "Jumapili baada ya misa tutakuwa hapo. Tutaondoka na ng'ombe wetu au tutaondoka na mke wa kijana wetu. Mikono mitupu haturudi."

"Gari litauzwa kabla ya Jumapili," Machibya alisema. "Tutanunua ng'ombe, tutawarudishia, yataisha. Shemeji, wewe sali tu."

Lukresia alisali. Lakini kila pikipiki ilipolia njiani, vidole vyake vilisimama kwenye rozari, na ilipopita hakujua tena alikuwa amefikia Salamu Maria ya ngapi, akaanza upya. Kula alikuwa akila kwa sababu Kabula alikuwa akimwangalia. Alilala na viatu karibu na mlango.

Machibya aliliweka gari mtandaoni. Aliandika kwamba halijatembea, injini haijaguswa na spana, rangi ya kiwandani isipokuwa mlango mmoja, kiyoyozi kinafanya kazi, maziwa yapo.

Wa kwanza kuja alikuwa mfanyabiashara wa pamba kutoka Bariadi. Alifungua boneti, akasikiliza injini, akasifu. Alizunguka upande wa dereva akaishika chapa, kisha akautoa mkono haraka.

"Machibya, huyu ni wa nani?"

"Ni langu. Kadi ya gari hii hapa, soma jina."

"Kadi nimeiona. Mimi naulizia chapa."

"Mikwaruzo tu hiyo, bwana. Miiba ya zizi."

"Mikwaruzo haina mwenyewe. Hii ina mwenyewe." Alipokea kikombe cha maziwa kutoka kwa Kabula, akanywa kwa heshima, akauona mkono wake, akamtazama Machibya, akarudisha kikombe. "Mali nzuri. Ila mimi ng'ombe wa kesi sinunui."

Walikuja pia vijana wawili wa Nkololo wakaomba kulijaribu. Walichukua muda mrefu. Waliporudi, magurudumu yalikuwa na tope mpaka juu, na walisema usukani unavuta upande wa kulia. Upande wa kulia kulikuwa na lambo. Gari lilikuwa limekwenda huko lenyewe, likasubiri ng'ombe wa watu wamalize kunywa, ndipo likasogea majini. Walitaka lipunguzwe bei kwa sababu ya usukani. Machibya akakataa.

"Shemeji, wape," Lukresia alimwambia walipoondoka. "Walichokuwa nacho kilitosha kununua ng'ombe."

"Kilitosha ng'ombe. Na mimi je? Mafuta yangu? Safari ya Dar? Gari hili ni jipya, shemeji. Huwezi kulitupa kama gunia la pamba iliyonyeshewa."

Jumapili Lukresia alikwenda misa ya kwanza, akatoka kabla ya matangazo. Alipofika nyumbani Mahona alikuwa hajafika. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akapanga viti, akavipanga tena.

Walikuja wazee watatu, kwa pikipiki, kofia zao mikononi. Kabula aliingia ndani. Salamu zilikuwa bado hazijaisha wakati gari lilipolia kutoka zizini, mlio mzito, wa tumboni, wa ng'ombe aliyesikia sauti ya mchungaji wake. Mahona aliomba radhi akaenda kuliona. Aliweka kiganja kwenye mlango, juu ya chapa. Kisha akapiga mluzi mfupi, na gari likashuka kwenye matofali, likamsogelea mpaka taa zikagusa magoti yake.

"Wanatujua," aliwaambia wenzake. "Wamo wote."

Walirudi wakakaa. Mahona alikuwa mtu wa sauti ndogo, na alizungumza akimtazama Lukresia, si Machibya.

"Mkwe, sisi hatukuja kugombana. Ng'ombe walitoka kwetu kwa miguu. Kwenu wamekuwa hivi. Hatuulizi wamekuwaje. Tutawachukua hivi hivi walivyo, na binti abaki kwa mama yake. Tutakuwa tumemalizana."

Lukresia alifumba macho. Tangu Kabula arudi, hewa ilikuwa haijawahi kumfika chini kabisa kifuani, sasa ilifika. Alisikia mlango wa ndani ukilia, akajua Kabula amesogea kusikiliza.

Machibya alicheka kidogo, kwa adabu. "Mzee wangu, tuelewane. Ng'ombe ni ng'ombe na gari ni gari. Ng'ombe wenu walikuwa wamekonda. Hili ni namba E. Mkilitaka, karibuni, lakini itabidi mniongeze."

"Tukuongeze juu ya ng'ombe wetu?" aliuliza mzee wa kulia kwa Mahona. "Jamani, sikieni. Mtu amekula mbuzi wako, anakudai pesa ya chumvi."

"Sijala kitu. Kadi ina jina langu."

Lukresia alisimama. Hakuwa na desturi ya kusimama wanaume wakizungumza. "Shemeji, mpe mzee gari. Nakuomba mbele za hawa. Mpe aondoke nalo, mwanangu abaki."

"Kaa, shemeji. Mambo ya mahari yana wenyewe." Machibya aliangalia simu yake. "Na mnunuzi yuko hapo barabarani."

Mnunuzi alikuwa Marcelo, mtu wa Mwanza, na alikuja amepakiwa kwenye bodaboda, viatu vyake ameviviringishia mifuko ya nailoni kwa ajili ya tope. Aliwaamkia wazee vizuri, akaliendea gari. Alilala chini akaangalia chuchu. Alikamua kidogo kwenye kiganja, akaonja.

"Mafuta linakula sana?"

"Kidogo sana," alisema Machibya. "Lipe na chumvi mara moja moja."

"Na hii chapa?"

"Ya hawa wazee."

Marcelo aliwageukia. "Wazee, mna neno?"

"Neno tumeshalisema," alisema Mahona. "Ng'ombe ni wetu. Kadi ni yake."

Marcelo alifikiri. "Mwanza hawajui chapa za huku. Nitaweka stika." Kisha akauliza, kama mtu anayejua mifugo, "Ndama wake yupo? Maana bila ndama linaweza kukata maziwa."

Machibya akaongeza bei kwa ajili ya ndama. Waliafikiana. Malipo yalipita kwenye simu, na simu ya Machibya ililia mfukoni mlio mfupi. Walimkalisha ndama kwenye kiti cha pili, wakamfunga mkanda, na Marcelo akavua mifuko viatuni akaingia. Gari lilikataa kutoka zizini mpaka Kabula alipotoka nje, akaliwekea mkono mzima ubavuni na kulisukuma taratibu, kama anavyosukumwa ng'ombe anayeogopa lango. Lilikwenda. Lililia mara moja lilipofika kwenye lami, na baada ya hapo ulisikika mlio wa injini tu.

Wote waliendelea kukaa. Lukresia alikuwa bado amesimama.

"Sasa pesa ipo, Machibya," alisema Mahona. "Ng'ombe wetu."

"Nitawanunua, mzee. Lakini kwa sasa bei iko juu, mvua imenyesha, hakuna anayeuza. Nikinunua leo nitakuwa mjinga. Baada ya mavuno bei ikishuka, nitawaletea, tena wanono kuliko wale. Nipeni muda tu."

Wazee watatu walitazamana. Halikuwa ombi baya. Hata wao wasingenunua ng'ombe wakati ule.

"Muda tunakupa," alisema Mahona. "Na binti atakaa kwetu mpaka huo muda."

"Hiyo ni haki yenu," alisema Machibya.

"Mkono wake haujaunga," alisema Lukresia.

"Kwetu pia utaunga, mayu," alisema yule mzee wa kulia, na hakusema kwa ubaya.

Mahona peke yake ndiye aliyeangalia chini. Alizungusha kofia yake mkononi mara kadhaa kama mtu anayetafuta mahali ilipochanika. Kisha akaivaa.

Kabula alikuwa ameingia ndani wakati wanazungumza. Alitoka amevaa viatu, begi lake dogo miguuni. Alikuja mpaka kwa mama yake akageuka, akainamisha shingo.

"Mama, fundo hili linanibana. Nilegezee."

Lukresia alilifungua fundo la kanga iliyoubeba mkono. Alipitisha kanga tena chini ya plasta, akaipandisha begani, akapima kwa macho mkono usining'inie wala usipande mno, akafunga fundo jipya pembeni, mbali na mfupa wa shingo. Kabula alisubiri mpaka alipomaliza. Kisha akachukua begi kwa mkono wa kulia, akapita katikati ya viti vya wanaume, akatoka langoni.